Ubuyu Niliompa Mama

Baada ya mama kutibiwa saratani ya koo kwa mionzi, mate yalimkauka. Ulimi ulimganda mdomoni, hata uji ukawa haupiti. Jirani yetu hapa Bofu akaniambia nimpe ubuyu afyonze, kwa kuwa uchachu huleta mate. Nikamnunulia ule mwekundu wa sukari. Kutwa akawa na kokwa mdomoni.

"Wanidekeza kama mtoto," alisema.

"Nimdekeze nani kama si wewe, mama?"

Miezi michache baadaye meno yakaanza kumeguka kwenye fizi. Daktari wa meno alimchungulia, kisha akaniita kando na kuniuliza anakula nini. Nikamwambia. Alinieleza taratibu kwamba kila kinywa kina bakteria, nao hugeuza sukari kuwa asidi inayokula meno. Mate ndiyo huiosha na kuipunguza makali. Mama hakuwa tena na mate, na hakuna uchachu ambao ungeyarudisha. Kila kokwa niliyompa ilikaa pale pale, ikiwalisha hao bakteria.

Sikuthubutu kumwambia. Akiniomba ubuyu, nilisema umeisha dukani.

"Basi kesho, inshallah."

Alifariki kabla ya Ramadhani, kinywa kizima kidonda, maji yenyewe yakimchoma. Wanawake waliomwosha walinishika mikono wakasema, "Umemtunza mamako, Mungu akulipe." Niliitikia amina, kwa sababu watu walikuwa wakinitazama.