Kanuni ya Kurudisha

Ungeingia kwenye mkutano wa tawi la Hayes, London, bila kuambiwa chochote, ungedhani umeingia chuo cha Kurani, watoto wanafuatishwa alifu na bee. Mtu anasema jambo lake, mwenzake analirudia. Akikosea, mwenye jambo anatikisa kichwa, na yule anarudia tena, mpaka mwenyewe aseme, "Hivyo hivyo." Hapo ndipo mtu anapopata ruhusa ya kumjibu. Wageni wa makao makuu walikuwa wakitazama saa na kuhema. Wenyewe hawakuona ajabu. Walikuwa watu wa simu za dharura, wale ambao nyumba ikiungua au baba akianguka bafuni, sauti yao ndiyo ya kwanza kukuitikia. Chama chao cha kitaaluma kilikuwa na matawi nchi nzima, lakini kanuni ile ilikuwa ya Hayes peke yake, na aliyeileta ni Jokha binti Hamad, Mpemba wa Wete, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake.

Jokha hakuwahi kuota kwamba siku moja kazi yake itakuwa kupokea simu. Baada ya Mapinduzi ukoo wao ulitawanyika, wengine Mombasa, wengine Maskati, na yeye na mumewe Himid wakaangukia London, kwenye baridi ambayo hawakuwa na nguo zake. Kazi ya kwanza ilikuwa kukunja mashuka katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Alikunja mashuka mpaka akayaota. Ndipo akaona tangazo la kazi ya chumba cha simu za ambulensi, akaenda kujaribu bahati yake. Walimuuliza atafanya nini iwapo anayepiga simu analia hata hawezi kusema. Akajibu, "Nitamngoja." Wakasubiri aendelee. Hakuwa na la kuendelea, nao wakamwajiri.

Zama zile kompyuta hazijaingia. Anwani iliandikwa kwenye kikaratasi, kikaratasi kikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mtu wa redio, naye akawasomea wenye gari. Nao sharti wairudishe: nyumba namba gani, mtaa gani, ghorofa ya ngapi. Anwani isiyorudishwa haijasemwa. Somo hilo Jokha alifundishwa wiki ya kwanza, likamganda kama dua za utotoni. Hata nyumbani, akimtuma Himid dukani, alimtaka arudishe: maziwa, vitunguu, bizari. Himid akawa analalamika kwa marafiki zake kwamba hakuoa mke, ameoa kituo cha polisi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Balbir. Balbir alikuwa chumba cha zimamoto, na kwa muda mrefu walijuana kwa sauti tu, sauti ya chini, ya adabu, ya Kiingereza. Siku moja kikombe cha chai kikammwagikia Jokha mapajani akiwa kwenye laini na Balbir. "Yarabi, nshaungua mie," akasema. Kisha ile sauti ya adabu ikasema, "Pole sana, mama. Weka maji baridi haraka." Kumbe mtu wa Nairobi, mtoto wa fundi wa reli. Tangu siku hiyo, kila zimamoto na ambulensi walipohitajiana, wawili hao walimaliza kazi kwa Kiingereza na kuagana kwa Kiswahili.

Chama kilipofungua tawi Hayes, Jokha alikwenda kwenye mkutano wa kwanza hasa ili amwone. Akamfuata bwana mmoja mwembamba aliyekaa pembeni kwa upole, akampa mkono. "Bwana Balbir, hatimaye nakuona." Yule bwana alikuwa Praful, Mhindi wa Mwanza aliyehamia Kingsbury, mpokea simu za polisi, na kwa aibu alishindwa hata kukanusha. Balbir alikuwa nyuma yake, Singasinga wa miraba minne, kilemba rangi ya zambarau, kicheko kama cha lori linalowashwa. "Niko hapa nyuma, mama," akasema. Watu wanaoishi kwa sauti hukosea hivyo. Humvisha msemaji mwili wanaoutaka wao, kisha humshangaa mwenye mwili wake.

Balbir akachaguliwa mwenyekiti, Jokha akawa katibu. Basi, bwana yule aliyekuwa maji ya mtungi kwenye simu, kwenye kamati akawa moto wa makumbi. Ikazuka hoja ya cheti kipya cha chama: je, wapokea simu wakongwe nao wafanye mtihani? Balbir na Praful wakavutana asubuhi nzima, meza inapigwa, wajumbe wengine wanatazama dari. Jokha akaona hapana.

"Hebu, Bwana Praful," akasema, "nambie mwenyekiti kasema nini."

Praful akaeleza.

"Sikusema hivyo," Balbir akanguruma.

"Basi sema tena, naye akurudishie. Na akishapatia, nawe utamrudishia yake."

Kurudisha huko ndiko kulikofichua kwamba wote wawili walitaka kitu kimoja: wakongwe wapimwe wakiwa kazini, kwenye viti vyao, si darasani kama watoto. Walikuwa wanagombana kwa kukubaliana. Balbir akacheka mpaka akajifuta macho, na kabla ya kufunga kikao akaitia kanuni ya kurudisha kwenye katiba ya tawi, mahali ambapo makao makuu hawakuweza kuing'oa kwa miaka mingi, ingawa walijaribu.

Ah, Jumamosi zile. Mvua nje, ndani ya ukumbi wa maktaba walimokutania joto la mabomba na harufu ya zulia bichi. Shughuli zilikuwa zile zile za vyama vyote: nani aende kwenye mkutano wa mwaka, barua kwa waajiri kuhusu shifti ndefu, mafunzo kwa wageni wa kazi. Lakini wakati wa chai wale watatu walijitenga dirishani. Jaswinder, mke wa Balbir, alikuwa amempa mumewe sambusa. Jokha alileta visheti. Praful alileta maoni yake kuhusu sambusa na visheti. Kiswahili kilitoka cha namna tatu, cha Nairobi, cha Mwanza na cha Wete, na kila mmoja alikiona cha mwenziwe kimepinda. Balbir alisimulia mabehewa ya reli kama ndugu zake. Praful alitaja samaki wa Mwanza mpaka mate yakawatoka watu. Jokha alisimulia karafuu zikianikwa, njia nzima inanukia. Watatu hao walikuwa wamefunga milango ya nyumba ambazo hawakujua kama watazirudia, na pale dirishani milango ilifunguka kidogo. Jokha aliwapenda watu wale, na hakuna siku aliyowaambia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mwezi wa nne, Balbir akapata kiharusi. Upande mmoja ukalala, ulimi ukawa mzito. Kiingereza kilimpotea karibu chote. Kipunjabi na Kiswahili, lugha za utotoni, vilibaki kwa vipande vipande, navyo vilitoka kama maji kwenye bomba lenye kutu.

Jokha alikwenda kumtazama karibu kila wiki. Kwao Pemba mgonjwa haachwi ajichoshe kwa maneno. Mtazamaji ndiye anayekijaza chumba: utapona, hii ni mitihani ya Mungu, fulani alikuwa hivi hivi na leo anacheza harusini. Balbir alikuwa akiunyanyua mkono wake mzima na kuanza kusema, na Jokha alimuwahi. "Usijali, Mwenyekiti. Utapona inshallah. Kiti chako kipo, hakikaliwi na mtu." Balbir alijaribu tena, kisha akafumba macho.

"Bi Jokha," Jaswinder alisema siku moja, "nafikiri iko kitu anataka kusema."

"Asijichoshe, shemeji. Atasema akipona."

Mkutano mkuu wa tawi ukakaribia, na kwa mara ya kwanza kiti kikawa na mvutano. Anselm, mjumbe kijana wa Thornton Heath ambaye baba yake ni wa Moshi, alimpigia Jokha simu kwa heshima zote. "Shikamoo, Bi Jokha. Samahani sana. With respect, mwenyekiti hawezi kuendesha meeting. Nitaleta hoja tuchague chair mwingine."

"Marahaba. Ilete," Jokha akajibu, "na mie nitaiua."

Hakuwa anatania. Usiku na mchana alikuwa na hofu moja tu: Balbir akitoka kwenye kile kiti hatarudi tena ukumbini, na asiporudi, Jumamosi zimekwisha, na dirisha lile limefungwa. Akawapigia wajumbe mmoja mmoja, akawabembeleza, wengine akawatisha kidogo. Praful alikubali, lakini kwa kusitasita.

"Umemuuliza mwenyewe, Bi Jokha?"

"Nimuulize nini? Mgonjwa umwulize kama anataka kunyang'anywa kiti chake? Ubinadamu huo?"

Praful akaaga, akaweka simu chini.

Siku ya mkutano Balbir aliingia ameshikwa mkono na Jaswinder. Amekonda, lakini kilemba ni kile kile cha zambarau, kimekazwa vizuri kuliko alivyokuwa akikifunga mwenyewe. Watu wakasimama. Jokha akamkalisha mbele, kwenye kiti chake, naye akaketi ubavuni mwake na kalamu yake.

Anselm akatoa hoja yake kwa upole. Kwa kanuni, Jokha ndiye aliyetaka kumjibu, basi ilimbidi airudishe kwanza, neno kwa neno, chungu kama mwarobaini. "Hivyo hivyo," Anselm akasema. Kisha Jokha akasema yake: kwamba mtu hatupwi kwa kuugua, kwamba mwenyekiti atapona, kwamba kiti kitamngoja. Anselm akairudisha bila kuongeza wala kupunguza, na macho yake yalikuwa yamelainika. Ukumbi ulikuwa wa Jokha, kila mtu aliliona hilo. Praful, aliyeshika kikao siku hiyo, akasema watu wajiandae kunyoosha mikono.

Balbir akagonga meza kwa mkono wake mzima, akasema kitu kirefu. Hakuna aliyekielewa.

"Asante, Mwenyekiti," mjumbe mmoja akasema, kwa sauti ile ya kumshukuru mtoto. Jokha naye alikwisha kumgeukia, mkono begani, lile neno "utapona" liko ulimini.

"Samahani," Anselm akasema. "Hatujarudisha."

Watu wakamtazama.

"Mwenyekiti amesema. Kanuni inasema hakuna kumjibu wala kupiga kura mpaka arudishiwe. Nani atarudisha?"

Wote wakamgeukia Jokha. Mwanamke huyu alikuwa amepokea anwani kutoka kwa watoto wanaolia, kwa walevi, kwa wazee wenye kifua kilichobana, kwa watu waliobakiwa na pumzi ya neno moja. Akaiweka kalamu chini. Akakisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, akainamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akikiinamisha kwenye simu.

"Sema tena, Mwenyekiti," akasema kwa Kiswahili. "Kidogo kidogo. Nakungoja."

Balbir akasema.

"Mimi," Jokha akarudisha. Balbir akaitikia kwa kichwa. "Mimi nime... nimeshakwambia." Akaitikia tena. "Nyumbani. Mimi nimeshakwambia nyumbani, kila ukija."

Hapo Jokha akasita, moto ukampanda masikioni. Praful, aliyekuwa akiwatafsiria wengine kwa Kiingereza, naye akasita. Lakini kazi ni kazi.

"Endelea, Mwenyekiti."

Ilichukua muda, na hakuna aliyetazama saa. Mara mbili Jokha alipotea, Balbir akatikisa kichwa, wakaanza upya. Mwishowe akaketi wima na kuyarudisha yote kwa pamoja, kwa sauti yake kubwa.

"Mimi nimeshakwambia nyumbani, kila ukija. Sitaki kiti. Mpe Praful. Nataka kuja Jumamosi, nikae dirishani, ninywe chai. Tangu niugue, kila mtu ananijibu. Hakuna anayerudisha."

Balbir akamtazama. Nusu ya uso ikatabasamu.

"Hivyo... hivyo," akasema.

Sasa kanuni ilimruhusu Jokha kumjibu. Badala yake alilia mbele ya tawi zima bila kuficha uso, huku mkono wa Balbir umelala juu ya wake. Yeye aliyeileta kanuni ile alikuwa amemzungusha rafiki yake miezi yote kwa faraja, akiulinda mkutano wake na dirisha lake, wala hakumngoja hata mara moja. Praful akachaguliwa mwenyekiti bila kupingwa, akiwa na uso wa mtu aliyekamatwa, na Anselm akakubali kuwa msaidizi wake.

Wakati wa chai walimsogeza Balbir dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha. Praful alianza kuzikosoa sambusa za Jaswinder, naye Jaswinder akamtolea macho. Balbir akanyanyua mkono, akasema kitu. Jaswinder akafungua kinywa kumtuliza. Jokha akamgusa mkono, naye akakifunga.

"Kilemba," Jokha akarudisha. Balbir akaitikia. "Kilemba kina... kinabana." Akaitikia kwa nguvu. "Tangu mwezi wa nne."

Jaswinder akaweka kikombe chini. Akaanza kucheka, kisha machozi yakamchuruzika, akaingiza vidole kwenye mkunjo na kukilegeza taratibu, akimnong'oneza mumewe kwa Kipunjabi. Balbir akashusha pumzi ndefu.

"Hivyo hivyo," akasema, na Jokha akammiminia chai.