Nyumba Haibebwi kwa Bahasha

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipotazama ngazi ya nyumba ya mama mkwe wangu ikiwa imejaa bahasha nyekundu, na hapakuwa na watu waliobaki kuibeba nyumba yenyewe. Usishangae kusikia kwamba nyumba hubebwa. Nitakueleza taratibu, maana jambo hili lina hatua zake, na mimi nilipotea kwa sababu niliziruka.

Wakati huo nilikuwa kijana kama wewe, na nilikuwa nimekwisha kuizoea Guangzhou, huku China. Kwetu ni Pemba, kijiji cha karibu na Wete, lakini chumba changu kilikuwa mtaa wa Xiaobei, na kazi yangu ilikuwa kununua nguo za jumla kwenye masoko ya Guangyuan Xilu na kuzisafirisha kwa kontena hadi Zanzibar. Hapo Guangyuan ndipo nilipokutana na mke wangu, Nur, aliyekuja kumnunulia shangazi yake bidhaa za duka. Tuligombania robota moja la magauni. Alishinda yeye, na mpaka leo sijawahi kumshinda.

Nur kwao ni kisiwa kidogo cha Indonesia, upande wa kusini wa Sulawesi. Mwaka uliofuata baada ya ndoa yetu, mama yake alipiga simu na kusema maji ya bahari yamefika kwenye nguzo za mbele za nyumba. Nyumba za kule ni za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo ndefu, na unapanda ngazi kuingia. Ile ilijengwa na marehemu baba yake Nur kwa mikono yake. Watoto wengine walimwomba mama ahamie mjini akakataa. "Baba yenu alinijengea nyumba," alisema, "hakunijengea mji." Bamvua la mwezi mpevu lilikuwa linakaribia, na kila mtu alijua kwamba maji yakijaa safari hii, nyumba itakwenda nayo. Tukafunga safari.

Ilikuwa ndege, halafu ndege nyingine, halafu basi la kutwa nzima, halafu boti ya mbao yenye injini iliyokohoa kama mzee mvuta tumbaku. Tulifika maji yametoka, tukashuka na kutembea ndani ya maji ya magotini, viatu mkononi, begi kichwani. Watoto walitufuata wakicheka urefu wangu.

Sasa sikiliza desturi yao kuhusu mali, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Kule ardhi ni ya ukoo, nyumba ni ya mwenye kuijenga. Kwa mtu wa Pemba hilo si geni; kwetu shamba laweza kuwa la huyu na mkarafuu uliomo ukawa wa yule. Basi mtu akitaka kuhama hauzi nyumba yake. Huondoka nayo. Shemeji yake mama alikuwa amempa nafasi ya kuiweka juu kidogo, nyuma ya msikiti. Ilitangazwa kwamba Ijumaa baada ya sala wanaume watakuja, watafunga mianzi kwenye nguzo, wataingiza mabega, na kuinyanyua nyumba nzima na bati lake.

Nilimwuliza Nur, "Hawa watu wanalipwa nini?"

"Wanalipwa samaki. Mama anapika."

"Samaki tu?"

"Na kahawa. Na maneno mazuri, kama unayo."

Nilidhani ananitania. Mwanangu, mimi nilitoka Guangyuan Xilu. Kule ukimwambia mchukuzi akubebee robota hadi barabarani, mkono mmoja hushika mzigo, wa pili hungoja malipo, na wala si kosa, ndiyo kazi yake. Na hapa Guangzhou nilikuwa nimejifunza ustaarabu wao wa bahasha nyekundu: tajiri hapa, laoban, humpa mfanyakazi wake pesa ndani ya bahasha hiyo kumtakia heri, na mpokeaji hufurahi. Nilikuwa nimenunua pakiti za bahasha hizo kwenye maduka ya Yide Lu kabla ya safari, nikijua zitanifaa. Nikajiambia, hawa ni watu wa haya, hawawezi kutaja ujira wao. Acha mkwe awaheshimu.

Asubuhi ya Ijumaa nilisimama karibu na msikiti, na kila mwanaume aliyepita nikampa bahasha kwa mikono miwili. Hakuna aliyekataa. Waliinama kidogo, wakatabasamu, wakaingia kusali. Nami nikaingia nimejaa furaha, namwomba Mungu anizidishie uwezo wa kutoa.

Baada ya sala nilitangulia nyumbani. Wakaja mmoja mmoja. Kila mtu alifika penye ngazi, akaweka bahasha yake juu ya kidato, akamsalimu mama kwa adabu, akaenda zake. Hakuna aliyepandisha sauti. Walibaki wajomba wachache ambao wasingeweza kunyanyua hata jiko. Jikoni, chungu cha samaki kilikuwa kinachemka, na kina mama waliokuja kusaidia kupika waliweka miiko chini.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliketi chini ya nyumba yake, akaitazama bahari. Afadhali angenitukana.

Nur ndiye aliyesema. "Umewafanya wachukuzi."

"Nimewaheshimu!"

"Umewaheshimu kama wanavyoheshimiwa Guangyuan. Hapa ni kwa mama yangu."

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini Mungu alinihurumia, akaniletea wa kunieleza. Alikuja mzee mmoja mfupi, Daeng Baso. Daeng ni neno lao la heshima, kama sisi tunavyosema bwana. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa ubebaji, yule anayeita mwito ili mabega yote yanyanyuke pamoja. Alikaa kwenye mkeka, akanywa kahawa yake yote bila haraka, kisha akanigeukia. Nur alinitafsiria.

"Mkwe, bega langu umelinunua bei gani?"

Nikautazama mkeka.

"Nauliza tu. Nataka kujua kama umepunjwa."

Wajomba wakaangua kicheko, nami nikatamani ardhi ya ukoo inimeze. Mzee akaendelea, sasa kwa upole.

"Nyumba yangu imehama mara mbili. Marehemu mume wa mama huyu aliibeba mara zote mbili, na ya pili alikuwa na jipu mguuni. Leo ilikuwa zamu yangu. Wewe umekuja na karatasi nyekundu kuniambia kwamba zamu yangu imekwisha lipiwa. Nikikutana na marehemu, nimwambie nini?"

"Nilitaka kusaidia, mzee wangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Lakini elewa: mtu akinilipa, tumemalizana. Na mkishamalizana na jirani, ujirani nao umekwisha. Mama huyu ataishi hapa, ataugua hapa, atazeeka hapa. Unataka amalizane na kisiwa kizima kwa siku moja?"

Nilimwuliza nifanye nini. Akaniuliza, "Una miguu?"

"Ninayo."

"Una mdomo?"

"Ninao."

"Basi unavyo vya kutosha. Nenda ukaombe."

Mwanangu, kutoa ni rahisi kuliko kuomba. Mtoaji husimama juu, mwombaji husimama mlangoni. Nilikwenda nyumba kwa nyumba na Nur, mikono mitupu, nikisema maneno yale yale: "Mama yetu anahama, tunaomba bega." Kila mlango walinikalisha, kila mlango walinipa kahawa na keki ya wali, na kila mlango walinicheka. Bibi mmoja alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Huyu ndiye Bwana Bahasha? Kumbe ana sura ya mtu mwema. Kula, mwanangu, utalipa kesho!" Akacheka mpaka akakohoa.

Nikiwa njiani kati ya nyumba na nyumba nilimkumbuka bibi yangu wa Pemba. Nyumba yake tuliikandika kwa msaragambo. Watu walikuja, wakakanyaga udongo kwa miguu yao, wakala wali na papa, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza ujira. Mimi mwenyewe nilikuwepo na udongo mpaka nyusini! Hayo ya Daeng Baso nilizaliwa nayo, ila miaka michache ya soko ilikuwa imeyafunika. Jifya moja haliinjiki chungu. Tulilisema hilo kila siku nyumbani, na mimi nikaja kudhani kwamba mafiga mengine hununuliwa.

Baada ya alasiri walikuja. Walikuja wengi kuliko wale wa mchana, nadhani wengine walitaka kumwona Bwana Bahasha akibeba. Mianzi ilifungwa. Niliwekwa katikati ya mwalimu wa shule na mkwezi wa minazi. Daeng Baso akapanda ngazini, akaita, nasi tukaitikia, na nyumba ikanyanyuka na kulia mbao zake zote.

Tatizo likawa urefu wangu. Bega langu lilikuwa juu ya mabega yote, kwa hiyo upande ule nyumba ililala juu yangu peke yangu.

"Inama, twiga!" wakapiga kelele. "Inama! Utatumwaga!"

Nikatembea nimekunja magoti kama mtu anayenyemelea kuku, jasho likinipofua, na mkwezi pembeni yangu akicheka hata akashindwa kuitikia mwito. Mama mkwe alitangulia mbele na mtungi wake wa maji, hakutaka mtu amsaidie, na kila mara aligeuka kutazama nyumba yake ikimfuata. Tulipoitua nyuma ya msikiti, alipanda ngazi, akafungua dirisha, akatuambia kitu kimoja tu: "Mnangoja nini? Samaki wanapoa."

Bamvua lilikuja. Pale ilipokuwa nyumba, asubuhi palikuwa bahari.

Mama aliishi katika nyumba ile miaka mingi. Alipofariki, mimi na Nur tulikuwa hapa Guangzhou, na hakukuwa na ndege ya kutufikisha kabla ya maziko. Nilipiga simu nikilia, nikauliza nitume nini, nani atachimba, nani atabeba jeneza. Upande wa pili nilisikia sauti ya Daeng Baso, imezeeka sana.

"Usihangaike, mkwe," alisema. "Mabega yapo."

Ndiyo sababu nakueleza haya, mwanangu, wewe unayepita mitaa ya Dengfeng na simu mbili mkononi, unatuma pesa nyumbani kabla hujamaliza supu yako. Sikukatazi kutuma. Tuma, Mungu akuzidishie, na anayefanya kazi ya ujira mlipe kabla jasho lake halijakauka. Lakini usiwalipe watu kwa lile wanalokupa kwa sababu wewe ni mtu wao. Ukitendewa jema, pokea, nawe uwe na zamu yako. Akiugua mwenzio hapa Xiaobei, usimalize kwa mchango wa kwenye simu. Nenda ukakae naye, hata kama siku hiyo mzigo unapakiwa. Ukirudi kwenu, uliza nani anajenga, nani anahama, nani amefiwa, uvue viatu uingie. Na siku ukihitaji, omba bila kuona haya. Anayekuombea heri hupenda pia kuombwa.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na majirani wa kweli. Akujaalie mlango usiokaukiwa na wageni, na asikufikishe pahali ambapo humdai mtu wema wala hudaiwi. Amina.