Kompyuta Iliyoijua Skrini ya Sanyuanli

Getrude wa Bukoba amenunua kompyuta zilizotumika hapa Guangzhou, China, kwa miaka tisa, na hajapakia hata moja bila kuijaribu. Wengi wetu huwasha tu, tukaona taa, tukafunga boksi. Huo ni wizi, hata ukifanywa kwa tabasamu. Yeye huziunganisha moja moja na skrini aliyoikuta mezani alipopanga chumba chake kipya mtaa wa Sanyuanli, miezi minne iliyopita. Hutumia waya wa USB-C unaopitisha picha, si ule wa kuchajia simu, ambao umewafanya wengi wakatae mashine zisizo na ubaya wowote.

Kompyuta ngeni huanza kwa kuonyesha picha ileile kwenye skrini zote mbili. Getrude hufungua mipangilio, huingia sehemu ya skrini, huchagua kupanua, kisha huburuta dirisha kwenda upande wa pili. Likivuka salama, tundu la waya ni zima.

Alhamisi moja mchana, kompyuta ya kumi na saba haikusubiri kuchaguliwa chochote. Picha ilijipanua yenyewe, tena imelala ubavu. Akairudisha ya kumi na sita, ikawa kawaida. Akachomeka tena ya kumi na saba. Ubavu.

"Ina mzimu hiyo," akasema Teddy, mfanyabiashara mwenzake wa Moshi, aliyekuwa akifunga maboksi.

"Mzimu gani wa kuchezea mipangilio? Kompyuta huikumbuka skrini iliyowahi kuunganishwa nayo, na jinsi ilivyopangwa."

"Hii tumeitoa sokoni jana, dada. Imeijulia wapi skrini yako?"

Getrude aliishika skrini, akaizungusha isimame wima. Stendi ikageuka bila kukwama, na picha ikakaa sawasawa. Ndipo alipoona kwamba hata mtandao wa chumba ulikuwa umeshakamata, bila kuulizwa nywila.

Dirisha la meseji likafunguka. Mwenye akaunti: Sufian, Tanga. Meseji za miezi mitano zikaanza kumiminika, zote za mkewe, Swalha. "Uko wapi?" "Mtoto amezaliwa." "Baba Nassor, hata neno moja."

Getrude akampigia mwenye nyumba, akamuuliza nani alikaa humo kabla yake.

"Mei you," hakuna mtu, yule mama akajibu, akakata. Alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

"Futa, dada," Teddy akanong'ona. Hakuwa akitania tena. "Gari la mizigo linakuja saa kumi. Sisi siyo polisi."

"Nikifuta, nani mwingine atajua kwamba aliishi hapa?"

"Na ukisema, watakuuliza mali yake imefikaje kwako."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimtisha. Lakini wangapi kati yetu tumeshafuta? Tunaita kusafisha. Hatuulizi mashine ilikuwa ya nani, wala kwa nini mtu aliiacha na picha za wanawe ndani, kisha tunalala usingizi mzuri.

Getrude akasogeza mshale kwenye alama ya kupiga simu, akabonyeza. Iliita mara moja tu. Mwanamke mwenye mtoto mchanga begani akaijaza skrini, akihema kama aliyekuja mbio.

"Sufian!" Kisha akauona uso wa Getrude. "Wewe nani?"

"Naitwa Getrude. Niko chumbani kwake, Guangzhou. Kaa kwanza, mdogo wangu."

Swalha hakukaa. Alikuwa akitazama nyuma ya bega la Getrude.

"Pazia ni lilelile," akasema taratibu. "Yeye mmemweka wapi?"