Tulivyopima intaneti Chunyu na Ruponda: kila tuliyemuuliza alisema "upo"

Wakuu, amani kwenu nyote. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu marahaba hata kama hamjasalimia.

Leo niko Ruangwa mjini, bando lipo, umeme upo, jua linazama taratibu. Nikasema niandike hili kabla halijafifia kichwani, maana limekuwa kama ndoto niliyoiota mchana.

Ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Wale wazee wa "hii chai", vikombe viko jikoni, jihudumieni.

Iko hivi.

Msimu uliopita wa maua ya mikorosho ilikuja timu ya serikali huku kwetu. Kuna mpango wa kufikisha intaneti ya kasi vijijini. Mkongo wa mawasiliano usogee hadi kwenye kata, minara iongezwe, shule na zahanati ziunganishwe. Ila kabla ya kuchimba hata shimo moja, lazima wajue wapi mtandao upo na wapi haupo, ili wasiokuwa nao waanze kupewa.

Walitaka mwenyeji anayejua njia na anayesikia Kimwera. Mimi nimesoma mambo ya kompyuta, nikarudi nyumbani kulima ufuta na kufanya vibarua vya hapa na pale. Nikapata mkataba mfupi. Kiongozi wetu alikuwa Injinia mmoja kutoka Dodoma, mtu mzuri, mpole, ila ana haraka ya mtu wa ofisini.

Sijui kama mshawahi kuwa huku wakati mikorosho inachanua. Harufu yake ni tamu, inakufuata hadi ndani ya gari. Vumbi jekundu, moshi wa mashamba yanayosafishwa kwa mbali, na huo utamu juu yake. Mimi nilikuwa naegemea dirisha naota macho wazi. Naona nyaya nyembamba zinapita chini ya mikorosho, zina mwanga ndani, zinaingia nyumba kwa nyumba. Injinia ananiuliza njia ni ipi, nashtuka, tumeshapitiliza.

Turudi kwenye uzi.

Kazi ilienda hivi. Gari linasimama, Injinia anashuka na kishkwambi chake mkononi, dereva hata injini hazimi. Anasalimia vizuri tu, halafu papo hapo anauliza.

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Wazima."

"Na mtandao wa intaneti upo?"

"Upo, tunashukuru."

Anabonyeza "ndiyo", tunaondoka.

Chunyu ndiyo nyumbani kwetu. Tukafika hadi kwa mama yangu mzazi. Akamjibu Injinia vile vile: "Upo, baba, tunashukuru." Nikataka kufungua mdomo. Mama akanitupia lile jicho ambalo kila mtoto wa kiafrika analijua. Nikaufunga.

Wakuu, mimi nikiwa Chunyu kupiga simu natoka nyumbani natembea hadi shamba la jirani.

Jioni tukakaa barazani kwenye gesti hapa Ruangwa, Injinia akafungua ramani kwenye laptop. Penye mtandao ni kijani, pasipo na mtandao ni nyekundu. Ilikuwa kijani tupu, kama mvua imenyesha juu ya wilaya nzima. Kwa kweli ilipendeza. Niliiangalia nikatamani kuhamia kuishi ndani yake.

"Kwenu mmeendelea bwana," Injinia akasema. "Huku hatutakuwa na kazi kubwa awamu ya kwanza."

Nikamwambia, boss, hii si kweli. Chunyu hakuna kitu.

Akacheka. "Mama yako mwenyewe amesema upo. Nimwamini nani?"

Nilijua kuna kitu hakiko sawa, ila nilishindwa kukishika. Nyumba yako ina harufu yake, ila wewe uliyezaliwa humo huisikii.

Tukahamia upande wa Nachingwea, kata ya Ruponda. Tukafika kwa bibi mmoja, tumwite Bi Somoe, mjane, anaishi pembeni kidogo ya kijiji. Uwanja umefagiliwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Maswali yale yale, majibu yale yale. Upo, tunashukuru. Kijani.

Tunageuza gari, pancha. Na tairi la akiba nalo halina upepo.

Injinia na dereva wakapakiana bodaboda kwenda kutafuta fundi. Mimi nikabaki kulinda gari. Bi Somoe akatandika mkeka kivulini, akaniita nikae. Akaleta mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Akaniuliza mimi wa kwa nani, nikamtajia babu, kumbe anamfahamu dada yake huyo babu. Tukala. Upepo ukawa unadondosha vijiua vya mikorosho juu ya mkeka.

Nilipomaliza kunawa ndipo akasema, "Haya mwanangu. Sasa habari."

Akaanza kunipa habari.

Kumbe mtandao hawana. Kuna kichuguu kimoja nje ya kijiji, wanakiita Posta. Ukipanda pale jua likishapoa, na mawingu yasiwepo, simu inapata mistari miwili. Unapiga, unasikia sauti inakuja vipande vipande. Intaneti ndiyo kabisa usiulize.

Binti yake, Hadija, ameolewa Kahama. Amezaa mtoto wa kike na kampa jina la mama yake, kwa hiyo yule mtoto naye ni Somoe. Ameshaanza kukimbia na kuongea. Bibi hajawahi kumuona hata mara moja. Safari ni ndefu, magoti yake mabovu, na huko mkwe kazi haimpi nafasi.

"Watu wanasema kuna simu unamuona mtu na yeye anakuona," akaniambia. "Mimi nataka hiyo tu. Namuota huyu mtoto, mwanangu. Ila kwenye ndoto hana uso. Anakuja, amevaa gauni, uso hana."



Nikachukua namba ya Hadija. Tulivyofika Nachingwea mjini nikamtafuta, nikajitambulisha, akanitumia video ya mtoto. Safari iliyofuata tukipita njia ile, nikamuomba Injinia tusimame kidogo. Nikakaa mkekani na Bi Somoe, nikaiweka simu mbele yake.

Katoto kakatokea. Kana vishimo mashavuni kama bibi yake. Kakasema, "Shikamoo bibi!"

Bi Somoe akajiweka sawa kanga kichwani. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Akasubiri.

Video ikaisha. Nikairudia. Shikamoo bibi. Akaitikia tena, sauti ya juu kidogo, kwamba labda mwanzo hakusikika. "Marahaba! Hujambo mama?" Akasubiri tena, ameinamia kioo.

Kisha akanigeukia. "Hanisikii, eh?"

"Hakusikii bibi. Hii imerekodiwa."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Nakushukuru. Uso sasa nimeujua. Ila hii ni picha, mwanangu. Mimi nataka mtu."

Sikuona aibu kulia, na wala sitaona aibu kuandika kwamba nililia. Nilienda kusimama nyuma ya gari.

Njiani nikamwambia Injinia kila kitu. Alisikiliza, nilimuona kabisa ameguswa. Lakini akasema hawezi kubadili rangi ya kijiji kwa maneno ya mwenyeji wake. Kutakuwa na kikao cha kuhakiki ramani, kwenye ukumbi mmoja Nachingwea mjini, watendaji wa kata na wananchi kadhaa wataitwa. Baada ya hapo ramani inapelekwa juu na ndiyo imetoka. "Mlete yeye mwenyewe aseme," akaniambia.

Siku ya kikao nikamfuata Bi Somoe. Amevaa gauni jipya na kanga doti nzima. Njiani alikuwa anaangalia nje akitabasamu peke yake. Mimi nilikuwa na hofu. Nikawaza, kikao hiki kikipita, huyu bibi atabaki kijani maisha yake yote.

Ukumbi umejaa. Ramani imemulikwa ukutani, kijani kinang'aa hadi kwenye nyuso za watu. Zamu ya Ruponda ikafika. Bi Somoe akapita mbele, akasimama.

"Karibu mama, shikamoo," Injinia akasema.

"Marahaba, baba."

"Habari za Ruponda?"

"Nzuri."

"Mtandao upo?"

"Upo, tunamshukuru Mungu."

Injinia akaniangalia, macho yanasema unaona sasa? Akashika kalamu kuendelea na kata nyingine.

Na hapo ndipo nikakishika kile kitu. Bibi wa watu alikuwa amesimama!

Nikanyanyuka, nikabeba kiti changu hadi mbele. Nikachukua na maji. "Bibi, kaa kwanza. Kunywa maji."

Akakaa. Akajifunika vizuri. Akanywa taratibu, na ukumbi mzima unamsubiri.

Akaiweka chupa chini, akamtazama Injinia.

"Haya baba. Hizo zilikuwa salamu. Sasa nikupe habari."



"Mtandao hatuna. Tuna kichuguu. Kile kichuguu nakipanda na magoti haya, nasikia sauti ya mwanangu inakatika katika. Nina mjukuu, jina lake ni langu. Kijana huyu kaniletea picha yake, inasema shikamoo, mimi naitikia, yeye hanisikii. Baba, mtoto ananiamkia na hajui kama nimemuitikia. Atakua anajua bibi yake hapokei salamu."

Injinia akauliza kwa sauti ndogo sana, "Sasa mama, mbona nilipokuja ulisema upo?"

Bi Somoe akamshangaa kweli kweli.

"Uliniuliza umesimama. Gari linanguruma. Mgeni hajakaa, hajanywa hata maji, nimuanzishie shida zangu?"

Ukumbi ukacheka, halafu kicheko kikafa chenyewe. Mtendaji mmoja akanyoosha mkono: "Na kwetu mkaulize upya." Mwingine naye. Mikono ikawa mingi.

Maana wakuu, ndivyo tulivyo. Hata nyumba yenye msiba, ukibisha hodi na kuuliza habari, utajibiwa nzuri. Utakaribishwa, utakaa, ndipo utaambiwa nani amefariki. Tumeyafanya haya tangu tuko watoto, hadi mimi mzawa sikuona kwamba tunachora ramani kwa salamu.

Injinia akafunga laptop. Akasema tunarudia.

Tukarudia. Safari hii gari linazimwa. Injinia anavua viatu, anakaa mkekani, anakula alichopewa, anaulizwa habari za Dodoma na yeye anajibu. Kazi ikawa ya polepole, na mimi sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda ile. Vijiji vikaanza kugeuka rangi. Kila kimoja kikiwa chekundu mimi na dereva tunagongeana mikono, mtu asiyejua angetuona vichaa.

Chunyu mama yangu akatupikia kabisa. Tulipokula akasema, "Mtandao? Baba wee, mtandao gani?" Nikamuuliza mbona kule mwanzo alisema upo. Akasema, "Ulitaka nimuaibishe mgeni wako mlangoni?"

Najua mtaniuliza, mnara umejengwa? Bado. Sitawadanganya. Ramani imeenda, Ruponda na Chunyu zimo kwenye maeneo yaliyopendekezwa kuanza, na mpango ni mpango. Tunasubiri, na nikiamka vibaya nawaza huenda tutasubiri sana.

Ila wiki iliyopita nilipita kwa Bi Somoe. Nikakuta amehamisha mkeka, ameuweka upande wa mashariki wa uwanja, karibu na mlango. Nikamuuliza mbona huku.

Akasema asubuhi jua linampiga usoni pale, kwa hiyo mtoto atamuona vizuri. Ameshajaribu sehemu zote. Na anapokaa, anafanya mazoezi: anasema marahaba, halafu ananyamaza kidogo, anampa mtoto nafasi ya kujibu.

Nilikaa naye. Maua ya mikorosho yameanza tena. Nikaangalia ile nafasi tupu mbele ya mkeka ambapo simu itasimamishwa, na mimi nikaanza kumuona yule mtoto pale.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukitaka kujua watu wana shida gani, usiwaulize umesimama.

Wahusika wa mipango mliomo humu jukwaani, na najua mmo, mikeka ipo.

Haya wakuu, nimemaliza, comments ni zenu. Huko kwenu mtandao ukoje?

Msinijibu upesi. Kaeni kwanza.