Udongo Niliokaanga

Juzi nilipita Membley nikaona tingatinga likikwangua udongo wa shamba la kahawa. Harufu yake ilinirudisha Kiandutu, mtaa tulikoishi nikiwa mtoto, siku ile Cucu, mama yake baba, alipokuja na karai kichwani.

Kando ya chumba chetu palikuwa na kipande cha ardhi nyekundu, ngumu kama sakafu, na kila alichopanda Cucu hapo kilikauka. Basi alirudi kwa miguu hadi shamba alikoolewa, ambalo lilikuwa limeuzwa, akachota udongo mweusi chini ya migomba kabla mashine hazijaingia. Akaliweka karai mlangoni, akaenda kuteka maji.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba udongo una wadudu wadogo wa kuleta magonjwa. Nilimhurumia Cucu na vidole vyake. Nikaukaanga wote kwenye jiko, sufuria baada ya sufuria. Ulinukia kama mvua, kisha ukanuka kama nywele zilizoungua.

"Cucu, nimeua wadudu wote!"

"Wote, mami?"

"Wote kabisa! Hata mmoja hajabaki."

Aliutia mkono, akaunusa, akaketi chini. Nilidhani amechoshwa na njia. Sikujua kwamba hao wasioonekana ndio hugeuza majani makavu kuwa chakula cha mizizi, na kwamba ni wao alikuwa amewafuata kote huko.

"Asante kwa kazi, mami," alisema.

Akaumwaga kando ya ukuta, akaufunika kwa maganda ya ndizi. Miaka ikapita pakiota magugu tu. Mboga ya sukuma ya kwanza yenye majani mapana niliichuma hapo mimi, Cucu akiwa ameshazikwa.