Bonge Alipokonda

Watu walimwita Bonge, na jina hilo lilimkaa kuliko shati lolote alilowahi kushonewa. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Sasa ukikaa nyuma ya usukani nusu ya umri wako, ukala popote unaposimama na kulala papo hapo ulipokalia, unategemea tumbo lifanye nini? Lilikuwa likifika mahali kabla yake. Alipostaafu alijifungia kwenye chumba na sebule yake, ghorofa ya tatu, yeye na televisheni. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, akawa anapiga simu akikumbuka. Kwenye ngazi majirani walimpisha na kumtania, "Bonge, jengo litahimili leo?" Naye akicheka, wao wakipita. Basi hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake ya kutwa nzima.

Magoti yalipoanza kulalamika akaenda zahanati. Daktari, binti mdogo kiasi cha kuwa mjukuu wake, alimpima damu na hakumficha kitu.

"Babu, hujapata kisukari, lakini umekaribia sana. Punguza kula, tembea kila siku. Ukifanya hivyo utakiepuka. Usipofanya, kitakupata."

Maneno hayo yalimwingia. Bonge akapiga moyo konde. Akaacha soda, akaacha mkate na siagi, wali akaupakua nusu sahani na nusu nyingine akaijaza mboga za majani, ambazo maishani mwake alizihesabu kuwa chakula cha mbuzi. Asubuhi na mapema akawa anazunguka kiwanja cha mpira nyuma ya jengo. Mwanzoni alihema kama lori lake likipanda mlima na shehena ya saruji. Hakuna aliyemwona, na yeye hakutaka kuonwa. Mtu mnene akifanya mazoezi huwa sinema ya bure. Njaa ilimsumbua hasa jioni, maana chakula kilikuwa ndicho mwenzake wa mazungumzo, na sasa hata huyo kamfukuza. Lakini alijikaza, na mwili ukaanza kutii, hata daktari alipompima tena akamsifu.

Suruali zikaanza kumvuka. Akapeleka mkanda kwa fundi viatu aliyeketi mlangoni mwa jengo, amtobolee tundu jipya. Fundi akatoboa, akatania: "Bonge, nani kakuibia tumbo?" Safari ya pili akatoboa bila utani. Safari ya tatu alimtazama Bonge usoni muda mrefu, akamrudishia mkanda kwa mikono miwili na kukataa malipo.

Bonge hajamaliza ngazi, fundi keshavuka kwa Mama Mayai, mwanamke mwenye duka la mayai pale chini, ambaye habari ikimfikia imefika kila mahali.

"Yule bwana anakwisha," fundi akasema.

"Nami nimemwona. Shingo imebaki kijiti," Mama Mayai akaitikia, akitia chumvi yake. "Na hasemi! Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Kesho yake mlango wa Bonge ukabishwa hodi. Aliruka, kwa sababu mlango ule ulikuwa ukibishwa na msoma mita ya umeme tu. Alikuwa Mama Mayai, na hotipoti mkononi.

"Kaka, tumesikia."

"Mmesikia nini, dada?"

"Usitufiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mimi siumwi! Nafanya mazoezi."

"Wote husema hivyo mwanzoni," akajibu kwa upole, akaingia, akaketi.

Akaketi kweli, upande wa kochi ambao haukuwahi kubonyea. Akamsimulia mayai yaliyopasukia njiani, mumewe anayekoroma, dada yake asiyelipa wema. Hotipoti ilikuwa imejaa wali na nyama yenye mafuta, naye Bonge akala chakula chote, maana alikuwa akitazamwa, na tena alikuwa na furaha. Mgeni alipoondoka, kimya cha chumba kilimwelemea kuliko siku zote. Alikuwa mpweke kwa miaka mingi bila kujua jina la kinachomuuma. Siku ile alilijua.

Asubuhi iliyofuata akaja fundi viatu na chungwa, akauliza, "Umeamkaje, mzee wangu?"

Hapo ndipo Bonge alipoharibu. Angeweza kusema, "Mzima kama chuma." Badala yake alishusha pumzi, akasema, "Tunashukuru, ila usiku sikulala vizuri."

Ukisema uongo mdogo, utaulea mpaka uwe mkubwa. Majirani wakawekeana zamu. Huyu supu, yule keki, mwingine uji wa maziwa na sukari tele "urudishe nguvu". Mama Mayai akaitafuta namba ya binti wa Bonge, na binti akawa anapiga kila jioni. "Baba, umekula?" Sauti ile ilimtoa machozi. Kwenda kiwanjani ikawa haiwezekani. Mgonjwa anazunguka kiwanja cha mpira? Wangemwona, wangejua, na hotipoti zingekoma pamoja na waliozileta.

Naye hakuwa mjinga. Maneno ya daktari aliyakumbuka kila alipoinua kijiko. Alijua kwamba akitaka afya lazima aseme kweli, na akisema kweli atabaki na televisheni. Akachagua watu. Alaumiwe na asiyewahi kula peke yake, mimi simlaumu.

Tumbo likarudi, mashavu yakajaa. Mkanda ukarudi kwenye tundu lake la zamani. Siku moja Mama Mayai alisimama mlangoni akapiga makofi. "Mungu mkubwa! Bonge wetu karudi!" Wakaja wote, wakala, wakacheka, wakasimuliana jinsi kila mmoja alivyomwokoa. Mwishowe Mama Mayai akakusanya vyombo vyake jikoni, akahesabu vifuniko, akaaga.

Hawakurudi. Wala si kwamba walikuwa wabaya. Mgonjwa akipona, waliomuuguza hurudi kwenye shughuli zao, ndivyo ulimwengu ulivyo. Binti naye alisema, "Baba, sasa angalau nitalala usingizi," na simu ikanyamaza. Bonge akawa anakaa karibu na mlango, akisikiliza nyayo zinazopita kwenda kwa wengine.

Kisha kiu ikaanza. Anakunywa maji, anakwenda haja, anakunywa tena. Nyayo za miguu yake zikawa zinawaka moto na macho yanaona ukungu. Akarudi kwa yule daktari, ambaye aliangalia majibu, akamwangalia yeye, akavua miwani.

"Babu, sasa unacho. Ilikuwaje, na ulikuwa umeanza vizuri?"

Bonge akaikunja karatasi ya majibu, akaitia mfukoni. Akarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Mlangoni mwa jengo aliwakuta fundi na Mama Mayai wakipiga soga.

"Mwone anavyong'aa!" Mama Mayai akasema. "Haya ndiyo matunda ya mikono yetu."

Bonge akasimama.

"Dada, naumwa."

Wakatazamana, wakaangua kicheko, fundi akaangusha nyundo.

"Wewe? Na mashavu hayo?"

"Naumwa kweli. Natoka zahanati sasa hivi."

"Aa, umenogewa kudekezwa wewe!" Mama Mayai akampiga begani kwa mapenzi kabisa. "Nenda kapumzike, kaka yangu. Siku ukikonda, tutakuja."

Bonge akacheka nao, maana hakujua namna nyingine ya kuwajibu, kisha akashika chuma cha ngazi akaanza kupanda.