Amina ya Muuza Vibarua

Nimeajiri watu katika kiwanda cha kupakia ndengu hapa mjini Wote kwa miaka tisa, na mawakala wa kampuni za kukodisha vibarua nawajua kwa viatu vyao. Aliyekuja Jumanne alikuwa na vya kung'aa, lakini vumbi letu lilikuwa limeshavishinda. Nilimwambia hatuhitaji mtu. Akasema, "Sawa, madam. Basi tuombe niende."

Kwetu Ukambani mtu akisema tuombe, unaomba. Niliinamisha kichwa. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kisha akamsihi auguse moyo wangu nichukue wapakiaji ishirini, wa kuanza Jumatatu. Mimi nimelelewa kanisani. Maombi yakiisha, mdomo husema amina bila kuniuliza.

Alipofungua macho alifungua na mkoba, akanisogezea mkataba. "Umeshakubali mbele za Mungu, madam."

Nikamwambia afunge macho tena, sasa ni zamu yangu. Nilimwomba Bwana amfikishe mtumishi wake salama Mukuyuni alikotoka, leo hii, na asimrudishe hapa kamwe.

Amina yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.